Maswali mnayotuuliza kila siku juu ya kikombe ya ndege na samaki (na ile ya mamba muntu)

Jambo wote. Maswali inaingia mingi ku WhatsApp, asubuhi, usiku, mpaka siku ya yenga, na karibu yote ni yale yale, njo tumeona heri tuandike majibu hapa mara moja. Soma kwanza, ukikosa yako njo utuandikie.

Hiyo kikombe ni kikombe gani hasa?

Ni kikombe nyeupe ya udongo wa kuchomwa, ya mushikio moja, ya kawaida tu, inaingia kama mililita 325. Nje imezungukwa na tablo. Tuko na tablo mbili: ya kwanza ni ndege wa miguu mirefu wanakamata samaki mu maji, na nyuma yao yote imejaa vidoti na majani, hakuna hata nafasi ya kuweka kidole. Ya pili ni mamba muntu, yule mwanamuke wa maji, nusu samaki. Zote mbili zilichorwa na mchoraji mmoja wa hapa Lubumbashi, commune ya Katuba, na sahihi yake utaiona karibu na mushikio. Ya tatu anaichora bado, hatumusukume.

Kwa hiyo kila kikombe amechora yeye kwa mukono?

Hapana. Ingekuwa hivyo bei ingekuwa ingine kabisa, na kila ndege angekuwa na shingo yake. Alichora tablo moja ya ndege na moja ya mamba muntu, kwa rangi na burashi, siye tunahamisha picha ya hizo tablo ku kikombe. Mtu akikuambia anakuuzishia kikombe ya kuchorwa kwa mukono na akakuonyesha tano zinazofanana doti kwa doti, anakudanganya.

Aaa, basi ni foto tu mmebandika.

Haibandikwe yaya. Kama ingekuwa ya kubandika ungeingoa na kucha. Iko hivi: tunapiga tablo picha nzuri, tunaichapa kinyume ku karatasi kwa wino ya namna yake, tunafunga karatasi ile ku kikombe na kuiingiza mu mashini ya moto, digri 180 mpaka 200, dakika tatu hivi. Pale wino haiyeyuke kama siagi, inageuka mvuke moja kwa moja na mvuke ile inaingia ndani ya ngozi nyembamba ya plastiki iliyopakwa ku kikombe tangu kiwandani. Ikipoa inafungwa mulemule. Njo maana ukipitisha kidole hausikie kitu, ni laini tupu. Na njo maana huwezi kutuletea kikombe yako ya nyumbani tukuwekee picha, ile haina ile ngozi, wino itapita na kwenda na kesho yake utaosha yote.

Kuna njia ingine, ya rangi za kauri zenyewe, unaweka picha juu ya kikombe na unairudisha mu fuu (tanuru ya umeme) karibu digri 800, hapo rangi inakuwa moja na kikombe na inadumu sana. Ni nzuri kupita yetu, tunasema wazi. Lakini fuu ya namna hiyo inakula umeme masaa na masaa, na wewe unaishi hapa unajua umeme yetu iko namna gani.

Kikombe yenyewe inatengenezwa hapa Congo?

Kikombe nyeupe inatoka China, inafika kupitia Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, kama karibu kila kitu iliyo mu nyumba yako. Tablo ni ya hapa, kuchapa ni hapa. Bamama wa hapa wanafinyanga vyungu vizuri sana, tunawaheshimu, lakini chungu ya kuchomwa ku moto wa wazi inabaki na vitundu vidogo, inanywa maji, na picha yetu haishike pale.

Mbona rangi haifanane sawasawa na tablo?

Juu mchoraji yuko na rangi kumi na tano mezani, mashini iko na nne: bluu, pinki ya kukolea, manjano na nyeusi. Zingine zote ni kuchanganya. Ile rangi ya udongo mwekundu, ile ya barabara ya kwenda Kipushi wakati wa vumbi, njo inatusumbua kupita zote, tunaikaribia tu. Na kitu ingine watu hawajui: mashini haina wino nyeupe. Kila doti nyeupe unaona ku mabawa ya ndege si rangi, ni kikombe yenyewe, ni mahali wino haikupita. Mchoraji alipoelewa hivyo alifurahi sana, sasa mu tablo ya tatu anaacha nyeupe nyingi kwa makusudi.

Tena kuna hii: tablo ni ya kulala, kikombe ni ya muviringo. Nafasi ya kuchapa ni kama santimeta 20 kwa 9, ile ingine inabaki ya mushikio. Ukichukua tablo ya mraba utakata kichwa ama miguu. Siye hatukati tablo ya mtu. Tulimuomba achore ndefu kama mukanda tangu mwanzo, na ndege wa mwisho anaangalia nyuma kwa wa kwanza, ukizungusha kikombe unaona hadisi inarudi. Ile ilikuwa wazo yake, si yetu.

Vidoti vile ni kama vya Pilipili, yule mchoraji wa zamani. Mbona hamuweki Pilipili mwenyewe?

Hii njo swali inayokuja kupita zote, na tunafurahi watu wanamukumbuka, kwa hiyo tutachukua nafasi.

Wenye hawajui: mwaka wa 1946, mji ukiwa ungali unaitwa Elisabethville, Mfaransa moja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua atelye hapa, watu wakaiita Le Hangar. Hakutaka kufundisha namna ya Ulaya, hakuweka wanafunzi wakope picha za vitabu, alisema kila mtu achore vile anaona. Bela alikuwa anachora na ncha ya vidole, bila burashi. Mwenze Kibwanga alikuwa anajaza kila umbo na mistari mifupi mifupi yenye kupishana, kahawia, njano ya udongo, unaona kama kitambaa imesukwa. Na Pilipili Mulongoy, ndege, nyoka, samaki, mamba, na nyuma yao vidoti na majani na mawimbi mpaka tablo yote inapumua. Romain-Desfossés alikufa mwaka wa 1954, na atelye ikaingia ndani ya Académie des Beaux-Arts ile Laurent Moonens alikuwa amefungua mwaka wa 1951. Mwaka wa 2015 tablo za hawa wazee zilionyeshwa Paris, ku Fondation Cartier, mu maonyesho ya Beauté Congo, na watu wa kule wakashangaa, lakini hapa kwetu uliza kijana wa ku commune ya Kenya ama ya Kamalondo Mwenze ni nani, atakuambia ni mchezaji wa mpira wa Lupopo.

Kuna wenye wanasema yule Mfaransa njo aliwafungia hawa wazee mu mambo ya ndege na samaki, juu wazungu walitaka kununua Afrika yenye miti na wanyama tu na si Afrika yenye shimo za mukuba (shaba) na bomba za moshi. Inawezekana kuna ukweli. Lakini ukisimama mbele ya tablo ya Pilipili, mkono ule ni wake, hakuna mzungu mwenye alimushikia burashi.

Sasa, kwa nini hatumuweki. Sheria ya hapa Congo juu ya haki za mwenye kutunga, Ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda kazi ya mtu maisha yake yote na miaka 50 kisha kufa kwake. Pilipili alikufa mwaka wa 2007, piga hesabu, ni mpaka 2057. Mwenze alikufa mwaka wa 1999, ni mpaka 2049. Ile haki iko mu mikono ya watoto na wajukuu wao. Bila ruhusa yao kuchapa ndege ya Pilipili ku kikombe na kuiuzisha ni wizi, hata kama picha iko wazi ku intaneti, hata kama unamupenda namna gani. Mchoraji wetu alijifunza kwa kuangalia wale wazee, vidoti vile si mali ya mtu moja, lakini ndege ni zake, alizibuni yeye.

Lakini miye niko na tablo ya kweli ku salo, baba alinunua zamani. Niilete muiweke ku vikombe?

Tablo ni yako. Haki ya kuizidisha si yako. Kununua tablo haimaanishe umenunua na ruhusa ya kuichapa mara mia, ile inabaki kwa mchoraji mpaka aandike kwamba amekupa. Kama angali muzima na anakubali, mulete, ama lete karatasi yenye ameandika, tutafanya na furaha.

Na Tshibumba? Wekeni Lumumba ya Tshibumba, itaisha siku moja!

Itaisha kweli, hatukatae. Tshibumba Kanda Matulu, alizaliwa mwaka wa 1947, njo alichora hadisi ya inchi yetu tablo kwa tablo mu miaka ya 1970, mu gunia za unga alizonyoosha ku mbao. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipotea na hakuonekana tena. Mtu mwenye hatujui hata alikufa mwaka gani, huwezi hata kuhesabu ile miaka 50. Kwa hiyo hapana.

Mchoraji anapata ngapi?

Asante kwa kuuliza, wachache sana wanauliza. Kikombe moja ni dola 10. Mchoraji anapata dola 2 ku kila moja, zinaingia kila mwisho wa mwezi ku M-Pesa yake, iwe imeuzishwa hapa ama Kinshasa. Tena tulilipa tablo zenyewe kando, na angali nazo, yaani anaweza kuziuzisha kwa mtu mwenye anataka ya ku ukuta. Wengine wanatuambia dola 2 ni mingi, "si alishachora mara moja basi". Hao hatubishani nao sana.

Punguzeni bei basi. Kikombe ku soko ni falanga kidogo tu.

Kikombe ya ku soko bila tablo, ndiyo, inunue. Ukichukua sita za kwetu tunakushushia mpaka dola 9 moja, lakini ile dola ya kushuka inatoka kwetu, ya mchoraji haiguswe. Bei tunaiweka mu dola juu falanga inacheza, ukilipa na falanga tunahesabu taux ya siku ile.

Mamba muntu mu nyumba haitaleta shida?

Eee, hii nayo. Wamama wengi wanapenda kikombe ya ndege na wanageuza ile ingine uso ku ukuta. Tunaelewa. Tumekua na hizo hadisi, mwanamuke mweupe wa maji, nusu samaki, nywele ndefu, kioo na kichanuo, nyoka begani, mara nyingi na saa ku mukono. Anakutajirisha lakini anakudai kitu, na kama ulikuwa na bibi, bibi ile hatakuwa na amani. Lakini uliza wazee wako: mu miaka ya 70, mu salo ngapi za Lubumbashi mamba muntu alikuwa amening'inia ku ukuta, juu ya radio, na watu wakala bukari chini yake na wakasali rozari chini yake pia? Ilikuwa tablo yenye watu wengi wa hapa walikuwa nayo. Mchoraji wetu yeye mwenyewe ni mtu wa kanisa, kila yenga. Anasema anachora ukumbusho wa salo ya babu yake. Kama moyo yako haitulie, chukua ndege. Na usimupe mama mukwe ile ya mamba muntu bila kumuuliza, hiyo tunakuambia kama ndugu.

Naweza kuwekea chai ya moto sana? Haitapasuka?

Moto haina shida, hiyo kikombe ilishapita mu moto zaidi ya digri elfu moja ikitengenezwa. Tena hapa juu, tuko zaidi ya meta 1,200, maji inachemka karibu digri 96, haifike mia. Kitu inapasua ni kugeuka kwa gafula: kikombe imetoka mu frigo ama imelala dirishani usiku wa mwezi wa sita vile baridi inakamata, asubuhi unamwaga maji ya kuchemka, pa! Isuuze kwanza na maji ya vuguvugu.

Na usiiweke ku mbabula. Kuna mtu aliiweka juu ya makala ipashe kahawa. Ile ngozi ya plastiki inaungua, picha inageuka kahawia, na moshi ile si ya kunusa.

Mikro-onde?

Ndiyo. Haina zahabu wala chuma ku rangi.

Namna gani ya kuosha?

Sifongo laini, sabuni ya kawaida. Hapana mutshanga, hapana majivu, hapana ile sifongo ya chuma ya kusugulia sufuria, hiyo itachuna vidoti vya watu. Mashini ya kuosha vyombo, wenye wako nayo, haivunje kikombe lakini kidogo kidogo inapausha rangi. Pia usiache ku jua kila siku dirishani, wino hii haipendi jua.

Rangi haina sumu? Mutoto wangu anapenda kulamba kila kitu.

Rangi yote iko nje, na tunaachia nafasi nyeupe juu, pale midomo inagusa, kwa makusudi. Ndani hakuna kitu kabisa. Ukiona mahali ingine wanauzisha vikombe vimepakwa rangi ya kawaida ndani, rangi ya ukuta ama ya gari, ile usinywee, hata kama ni nzuri. Rangi zingine ziko na risasi, na kitu chenye asidi kama ndimu ama munkoyo (kinywaji yetu ya unga) ya kuchacha inaitoa polepole.

Ile kijani inatoka ku malakiti, ile jiwe ya kijani?

Hapana, ni bluu na manjano zimechanganywa. Tunajua tuko Katanga na kila mtu anataka kila kitu ya kijani iwe malakiti, lakini malakiti ni mukuba, unga yake si kitu ya kuweka karibu na kinywa. Ivae shingoni.

Munkoyo inaingia? Inaingia. Lutuku, ile pombe kali? Hiyo ni wewe na roho yako.

Mnaweza kuandika jina la bibi na bwana, kwa ndoa?

Juu ya tablo hapana, mchoraji alikataa na tunamuunga mukono. Chini ya kikombe hakuna wino inashika. Kitu tunafanya ni kadi ndogo mu kartoni yenye majina na tarehe. Kwa ndoa ya watu wengi tuambie wiki mbili mbele angalau, juu mashini inachukua kikombe moja moja, na umeme ikikatika katikati ya zile dakika tatu, kikombe ile imekufa, haiuzishwe.

Nataka muweke foto yangu tu, bila tablo.

Studio za foto mu mji zinafanya hiyo, na vizuri. Siye hapana. Na ile picha ya "mwanamuke wa Kiafrika na kilemba" umetoa ku intaneti, ama ile kompyuta imekutengenezea, pia hapana.

Nimeona ndege zenu ku soko, kwa bei ya nusu.

Tumeziona. Geuza kikombe: hakuna sahihi, na vidoti vimefifia juu wamepiga picha ya picha. Wenye walinunua hawana kosa. Kwa wenye kuchapa, mchoraji na siye tunazungumza nao kwanza kwa upole, hapa mu mji watu wanajuana, na wengine wameacha. Mmoja sasa anatuuzishia kartoni.

Mnatuma mpaka wapi?

Lubumbashi, motari analeta, unamulipa yeye safari yake kufuatana na commune. Likasi na Kolwezi kwa bisi, kila siku iko, unaenda kuchukua ku ajansi na pièce d'identité. Kipushi na Kasumbalesa pia. Kinshasa kwa ndege, pale heri muungane watatu ama wane mulipe kilo pamoja. Goma na Bukavu tuandikie kwanza tuone njia ya wakati ule. Kila kikombe iko mu kartoni yake na karatasi ndani, ikifika imevunjika tuma picha ya kartoni ungali haujatupa, siku ile ile, tunakupa ingine.

Mushikio ikivunjika nyumbani?

Hiyo si yetu tena, pole. Kola inaweza kuishika lakini usinyanyue tena chai ya moto nayo, itaachia siku moja juu ya mapaja.

Nalipa namna gani?

M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, ama cash kwa motari. Dola iliyochanika hata kidogo motari atakurudishia, usimukasirikie, na yeye wanamurudishiaga.